Mimba Haijui Karantini

Machi 2020 wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Kadi yake ya kliniki ilikaa juu ya friji, imekandamizwa na kopo la sukari ili feni isiipeperushe. Katikati ya mwezi huo alikwenda kliniki kama kawaida. Wiki hiyo hiyo Tanzania ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, shule zikafungwa, na ndoo za maji ya kunawia zikaota kwenye kila mlango wa duka mtaani kwetu Tanga. Tarehe yake ya Aprili ilipofika hakwenda. “Wifi, hao wagonjwa wako wapi kama si hospitali?” aliniuliza, nami sikuwa na jibu. Tarehe ya Mei nayo ikapita.

Ramadhani ikaingia, naye akafunga, ingawa mama mkwe alimwambia wazi kwamba mjamzito ana ruhusa ya kula. Kichwa kikaanza kumuuma. Tukasema ni funga. Miguu ikavimba hata kandambili zikawa zinamkaba. Tukasema ni joto la Tanga. Siku chache kabla ya Idi nilimshika mkono, nusu namsihi nusu namburuta, tukaenda.

Benchi la kliniki, lile ambalo siku zote ukichelewa unasimama, lilikuwa na wanawake wanne tu. Nesi alimfunga wifi mkanda wa presha, akapuliza, akatazama, akaufungua bila kusema neno. Akamlaza kwa ubavu wa kushoto apumzike. Baada ya robo saa akapima tena, mkono wa pili: 160 kwa 110. Akampa kikopo cha mkojo, na kile kijiti cha kupimia, cha njano, kikageuka kijani mbele ya macho yetu. Nesi hakumgombeza. Aliandika rufaa akiwa amesimama, akaita gari. Ilikuwa kifafa cha mimba kinabisha hodi, na sisi nyumbani tulikuwa tunakiita funga.

Idi ilimkuta wodini. Siku tatu baada ya Idi mtoto alizaliwa, msichana wa kilo mbili na gramu mia, kabla ya siku zake.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu korona haikumgusa wifi yangu hata kidogo. Kilichotaka kumuua ni kukimbia korona. Na kila ugonjwa mpya unapotangazwa redioni, iwe mpox, Marburg, Ebola au kipindupindu kilichorudi na mvua, naona hofu ile ile ikirudi na wajawazito wakianza kuhesabu sababu za kubaki nyumbani. Mimi si daktari. Ninayoyaeleza hapa nimejifunza kwa kuuliza wakunga, na mengine kwa kukosea.

Tuanze na hofu yenyewe, kwa maana haina aibu. Mwanamke anayeogopa kwenda penye wagonjwa ana akili timamu. Tatizo ni kwamba hofu hupima upande mmoja tu wa mizani. Sierra Leone, wakati wa Ebola ya 2014 na 2015, wanawake wengi waliacha kwenda kliniki na kujifungulia hospitali. Watafiti waliokokotoa baadaye, kwa kisio la chini kabisa, walipata vifo 3,600 vya ziada vya akina mama, vichanga na watoto waliozaliwa wafu, kwa sababu tu huduma hazikutumika. Ebola yenyewe iliua watu karibu 4,000 katika nchi hiyo. Maana yake ni kwamba palikuwa na msiba wa pili unaokaribia ukubwa wa ule wa kwanza, ila huo haukuwa na matangazo ya jioni.

Jirani zetu wa Kongo walipata somo lao. Ebola iliyoanza Kivu Kaskazini Agosti 2018, ikaingia Ituri na kumalizika Juni 2020, iliua zaidi ya watu 2,200. Katika muda huo huo surua, ugonjwa wenye chanjo ambayo bibi zetu waliijua, iliua zaidi ya watu 6,000 nchini humo kuanzia mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020, wengi wao watoto chini ya miaka mitano. Dunia nzima iliijua Ebola ile. Ni wangapi walisikia habari za ile surua?

Basi, ushauri wa kwanza: usiamue peke yako ni hudhurio lipi la kuruka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tangu 2016 unataka mjamzito aonane na mtoa huduma mara nane, ya kwanza kabla ya wiki 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ukitazama utaona zinavyokaribiana kuelekea mwisho, nayo ina sababu. Presha ya mimba hupenda kuja nusu ya pili, na haina adabu ya kutoa taarifa. Wifi yangu aliruka ya wiki ya 30 na ya 34, yaani zile zile ambazo zingemwona mapema.

Simu inaweza kukusaidia kuuliza kama kutapika huku ni kwa kawaida, au kama kidonge cha kuongeza damu kinaruhusiwa kunywewa usiku. Simu haiwezi kupima presha, wala mkojo, wala wingi wa damu, wala kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Haiwezi kukupa dawa ya SP ya kuzuia malaria, ambayo humezwa mbele ya nesi kuanzia wiki ya 13, kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Mbu hawakai karantini. Kama kituo chako kimepunguza siku za kliniki kwa sababu ya mlipuko, nenda au piga simu uulize: tarehe yangu imehamia lini? Na ukifika, omba vidonge vya kuongeza damu vya kukutosha miezi miwili au mitatu badala ya mmoja, ili safari zipungue. Wakati wa korona vituo vingi vilifanya hivyo kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, na mama mwenye VVU ndiye asiyepaswa kukosa dozi hata siku moja, kwa ajili yake na kwa ajili ya mtoto.

Namna ya kwenda nayo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nenda asubuhi mapema, au uulize saa ambayo foleni imepungua. Katika baadhi ya zahanati ni karibu na saa sita, baada ya wanaokuja na watoto wa mizani kuondoka. Nenda na mtu mmoja, usiende na msafara. Keti nje chini ya mti ikiwa nafasi ipo, maana ugonjwa wa kuambukizwa kwa pumzi hupenda chumba kilichofungwa. Ukirudi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika watoto. Barakoa ivaliwe ifunike pua. Nimeona nyingi zikifunika kidevu kwa heshima kubwa.

Halafu kuna hili la kuficha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sijapata methali iliyokaa mahali pake kama hii. Ukiwa na kikohozi, homa, kuhara, vipele, au umetoka kumuuguza mtu aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana, sema getini, kabla hujakaa kwenye benchi. Najua unaogopa kufukuzwa, au kutengwa, au mtaa kukuzungumza. Lakini mjamzito mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa kama mjamzito na kama mgonjwa, vyote viwili, ila anayekuzalisha anapaswa kujua avae nini. Marburg ilipozuka Kagera Machi 2023, swali la nani amemgusa nani ndilo lililoamua mambo. Damu na maji ya uzazi ndiyo yanayobeba virusi vya aina hiyo, na mkunga asiyejua huingia leba na glovu moja tu ya mkononi. Ukimficha yeye, unamficha na mama anayejifungua kitanda cha pili.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapochanganya. Magonjwa ya mlipuko hayafanani, na ushauri wa mmoja hauhamishiwi kwa mwingine. Chukua kunyonyesha. Kwenye korona, mama mwenye maambukizi aliambiwa aendelee kunyonyesha, avae barakoa, anawe mikono kabla ya kumgusa mtoto, basi. Akizidiwa, akamuliwe maziwa mtoto anyweshwe kwa kikombe. Kwenye kipindupindu pia mtoto aendelee kunyonya, na mama anywe maji ya chumvichumvi ya hospitali kwa wingi na awahi kituoni, kwa sababu kuishiwa maji mwilini kunaweza kumfanya apoteze mimba. Lakini kwenye Ebola mambo hugeuka: virusi hupita kwenye maziwa, na mama aliyethibitika kuugua huambiwa aache kunyonyesha na mtoto apewe chakula kingine chini ya uangalizi. Kwenye mpox, inayopita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, daktari hutazama vipele viko wapi na mtoto ana hali gani ndipo aamue. Kwa hiyo ukipokea ujumbe wa kusambazwa kwenye simu unaosema “mama mgonjwa asinyonyeshe”, swali lako la kwanza liwe: ugonjwa gani?

Sasa usafiri. Hili lingestahili makala yake.

Machi 2020 Uganda ilisimamisha usafiri wa umma, na siku chache baadaye magari binafsi nayo, ikawa mwenye dharura anatakiwa kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani. Fikiria uchungu umeanza saa nane usiku na wewe unamtafuta mwenye mhuri. Wanawake walitembea kwa miguu. Baadaye, Aprili, serikali ikalegeza na kuruhusu wajawazito kusafiri bila kibali. Kenya nako amri ya kutotoka nje ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Daktari mmoja kijana wa Nairobi, Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea ubingwa wa magonjwa ya akina mama, aliona wodi ya wazazi imekuwa kimya isivyo kawaida, na wanaofika wanafika wakiwa wamechelewa mno. Watoto hawakuwa wameacha kuzaliwa. Mama zao ndio walikosa njia. Akaanzisha mpango wa namba ya bure ya simu: mwenye uchungu anapiga, anaongea na daktari, anaitiwa teksi au gari la wagonjwa kulingana na hali yake, bila malipo.

Mtaani kwako huenda hakuna daktari wa namna hiyo, kwa hiyo mpango wako uwe tayari tangu mimba ina miezi saba. Tafuta madereva wawili, si mmoja, na uwaambie mwezi unaotarajia. Bajaji ni bora kuliko bodaboda kwa mama anayetokwa damu, kwa sababu anaweza kulala na mtu akamshika. Ongea na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa mapema, ili siku ya marufuku ya kutembea usiku asisikie jina lako kwa mara ya kwanza. Kwa Tanzania, mfumo wa m-mama unapokea simu za dharura za wajawazito, waliojifungua na vichanga kwa namba 115, bila malipo. Iandike ukutani kwa mkaa kama huna kalamu. Fedha ya usafiri itenge mbali na ya matumizi. Kama uko kwenye kikoba, waambie wenzako miezi mitatu kabla kwamba utaomba mkopo wa dharura, na uulize ni nani wana funguo tatu za sanduku usiku. Usicheke. Najua kikundi ambacho fedha ilikuwapo na mwenye ufunguo wa tatu alikuwa shamba.

Na damu. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoua akina mama wengi kuliko sababu nyingine yoyote, na kunaweza kumaliza mtu ndani ya saa mbili. Benki zetu za damu hutegemea sana wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa kwa mlipuko, chupa nazo hupungua kwenye jokofu. Kwa hiyo kabla ya mwezi wa tisa mjue kundi lako la damu na muwe na ndugu wawili walio tayari kuchangia, watu wazima wenye afya, ambao simu zao hazisemi “haipatikani” usiku.

Wataalamu wa uzazi wana msemo wa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa ukifika. Wa tatu haumo mikononi mwako. Wa pili tumeuzungumza. Wa kwanza ndio unaoniudhi, kwa sababu huo hufanyikia sebuleni kwetu. Baba hayupo, simu yake imezimwa, mama mkwe anasema wao walizaa watoto tisa kwa khanga na maji ya moto, na shangazi anasema ngoja tusubiri kupambazuke. Wakati wa mlipuko huongezeka sababu nyingine: “huko mtaokota ugonjwa.” Kaka, shemeji, wewe unayesoma hii na mkeo ni mjamzito: toa ruhusa leo, mbele ya mama yako, kwamba ikitokea dalili mbaya aondoke bila kukusubiri. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko vitenge vyote utakavyonunua.

Dalili zenyewe ni hizi, na mwenye mojawapo hapigi hesabu ya foleni wala ya ugonjwa wa redioni, anaondoka. Damu kutoka ukeni wakati wowote wa mimba, hata kama haina maumivu. Kichwa kuuma sana na kutokuacha, macho kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba. Degedege. Homa. Maumivu makali ya tumbo yasiyo uchungu wa kawaida. Chupa kupasuka kabla ya uchungu kuanza. Kupumua kwa shida. Na mtoto kupunguza kucheza: wewe ndiye unayejua kawaida yake, anacheza zaidi usiku au baada ya chai, na akinyamaza kuliko kawaida yake usimsikilize mtu anayekuambia labda amelala. Baada ya kujifungua, damu inayolowesha pedi au kitambaa kizima ndani ya muda mfupi, majimaji ya ukeni yenye harufu mbaya, homa, au kichwa kile kile cha presha. Presha hii inaweza kuja hata wiki baada ya mtoto kuzaliwa.

Mwaka 2020 nilisikia wanawake wakisema heri kujifungulia nyumbani kwa mkunga wa jadi, kuna hewa safi. Hewa ni safi kweli. Ila bibi hana oksitosini ya kuzuia damu, hana dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, wala mashine ya kumpulizia mtoto aliyezaliwa hapumui. Mchukueni bibi awasindikize, anajua kukanda mgongo na kutuliza moyo, na hilo si dogo. Ulizeni tu mapema kama kituo kinaruhusu msindikizaji wakati wa mlipuko. Vingi huruhusu mmoja, asiye na dalili, asiyebadilishwabadilishwa.

Mtoto akishazaliwa, msiombe kuruhusiwa baada ya saa tatu kwa kukimbia wodi. Saa 24 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa kwa wote wawili. Mtoto wa wifi, yule wa kilo mbili, alikaa kifuani kwa mama yake usiku na mchana, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa khanga kama kangaruu. Nesi mmoja wa zamu alitaka kumtenga kwa sababu wifi alikohoa mara mbili. Nesi mkuu alikataa, akamvisha mama barakoa, mtoto akarudi kifuani. Mwaka 2021 watafiti wakishirikiana na Shirika la Afya Duniani walichapisha hesabu iliyompa nesi mkuu haki: kumbeba kifuani mtoto njiti na mwenye uzito mdogo kunaweza kuokoa vichanga zaidi ya 125,000, ilhali korona ambayo wangeipata kwa kubebwa hivyo ingeua wasiofikia 2,000. Mtoto mwenyewe asivishwe barakoa. Chini ya miaka miwili inamziba pumzi tu.

Wageni, sasa. Kwetu mtoto akizaliwa mtaa mzima huja kumwona, na kila mmoja anataka kumpakata na kumbusu. Wakati wa mlipuko waahirishe bila haya. Msingizieni nesi, ndiyo kazi yake. Wapokeeni barazani, wale ubwabwa, watazame picha kwenye simu.

Lakini arobaini isiwe kisingizio cha kutotoka kabisa. Mama na mtoto waonwe na mtoa huduma ndani ya siku tatu, tena katika wiki ya pili, tena wiki ya sita. Kichanga asiyenyonya, anayelegea, anayepumua haraka, mwenye homa au aliyepoa kama jiwe, mwenye kitovu chekundu kinachotoa usaha, huyo apelekwe saa hiyo hiyo, arobaini au siyo. Na hesabu hii ifurahieni: wiki sita ni siku 42. Arobaini ikiisha leo, keshokutwa ni chanjo.

Kwenye chanjo dunia nzima ilirudi nyuma. Sehemu ya watoto waliomaliza dozi tatu za chanjo ya donda koo, pepopunda na kifaduro ilishuka kutoka asilimia 86 mwaka 2019 hadi 81 mwaka 2021, na mwaka huo watoto milioni 25 walikosa dozi moja au zaidi. Hao hawakupotea, wako mitaani mwetu, wengine sasa wanasoma. Ikiwa mwanao alikosa, elewa mambo mawili. Kwanza, kwa kawaida haanzi upya, anaendelea alipoishia. Pili, kuna chanjo zenye ukomo wa umri, kwa hiyo kusubiri “mambo yatulie” kunaweza kumkosesha moja kwa moja. Ile ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18, na ya pili ndiyo wazazi wanayoisahau zaidi, mtoto anapokuwa ameshaanza kukimbia. Kadi ikipotea, nenda hivyo hivyo. Kituo kina rejista.

Mtoto akipata homa wakati wa mlipuko, watu hufanya kosa la aina mbili: wengine humficha wakiogopa kutengwa, wengine hudhani ni ule ugonjwa mpya na kusahau wa zamani. Kwetu homa ya mtoto ni malaria hadi kipimo kikatae, na kipimo kifanyike ndani ya saa 24. Kwa kikohozi, mfunue shati, mlaze akiwa ametulia, uweke saa ya simu dakika moja kamili, uhesabu kifua kinavyopanda. Chini ya miezi miwili, mara 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka, ni 50. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Ukiona pia nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta pumzi, usimalizie kuhesabu. Akiharisha, apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Watu wengi huacha zinki hapo, na mtoto huweza kuharisha tena mwezi unaofuata.

Uzazi wa mpango nao usiachwe nyuma kwa sababu ya foleni. Ukiona tarehe ya sindano inakaribia na safari ni ngumu, muulize nesi kuhusu njia ya muda mrefu.

Kwa wenyeviti wa mitaa na kamati za vituo nina ombi moja tu: tenganisheni mlango. Mjamzito mzima na mgonjwa wa homa wasipitie getini pamoja wala wasikae benchi moja. Turubai moja na kamba ya mkonge vinatosha, mizani ya watoto itundikwe mwembeni kama zamani. Wanawake watarudi wakiona wametengewa mahali. Wifi yangu angerudi.

Yule msichana wa Idi sasa anasoma, na ana sauti kubwa kuliko umbo lake. Kadi yake ya chanjo iko pale pale juu ya friji. Na yako wewe, au ya mkeo, au ya binti yako, iko wapi? Inuka uitafute. Kama tarehe iliyoandikwa pembeni imepita, nenda kesho asubuhi, umwambie nesi kwamba umechelewa na uliogopa.